DNA ya kitunguu imegoma kuonekana? Mwongozo kamili kwa wanaojaribu Dodoma

Malalamiko ya wanaojaribu kutoa DNA, ule uzi wa seli unaobeba taarifa za urithi, kwenye kitunguu ni yale yale. "Nimefuata kila hatua, nimemimina spiriti, tumekodoa macho mpaka kengele ikalia, hakuna kitu." Nimeyasikia kwa walimu wenzangu wa mjini, nimeyasikia kwa wa Kongwa na Bahi, na kwa mzazi mmoja aliyetaka kumfurahisha mwanawe wakati wa likizo akaishia kumaliza chupa nzima ya spiriti. Nikiwauliza wametumia nini, mara nyingi nakuta makosa manne: spiriti dhaifu, maji ya bomba, sabuni ya kupimiwa, na haraka.

Wapo pia wenye tatizo la upande wa pili. Wamepata ute mweupe wa kujaza gilasi, wamepiga picha, wamepongezana, kumbe walichonacho ni pektini (rojo asilia la matunda) ya ndizi au kile kitu kinachotiwa kwenye sabuni iwe nzito. Hao nao nimewawekea sehemu yao huko chini, wasiiruke.

Kazi yenyewe inachukua saa moja na nusu, ukiacha spiriti ambayo lazima ilale kwenye friza tangu jana yake.

## Vitu vya kuandaa

- Kitunguu maji kimoja kikubwa, kigumu, kisichochipua. Cha Singida kutoka soko la Majengo kinafaa kabisa.
- Chumvi ya mezani, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa (kama gramu 6).
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ya kiwandani, vijiko viwili vya chai.
- Maji laini mililita 100: ya mvua yaliyochujwa, au yale maji safi ya kuongeza kwenye betri. Soma lebo vizuri, maana dukani hukaa rafu moja na asidi ya betri, na asidi itakuchoma.
- Ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, mililita 100. Isopropanoli ya 90 na kuendelea inafaa pia.
- Barafu ya mifuko, na termosi ya kuitunzia kama umeme wa kwenu una tabia zake.
- Sufuria, jiko, bakuli mbili, kisu, ubao, chujio la chai na kipande cha kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila kupigwa wanga.
- Testi tyubu au gilasi nyembamba ndefu, na vijiti vya mishikaki.

Vitatu kati ya hivi vinahitaji maelezo kabla hujatoka kwenda dukani.

Kitunguu, si zabibu. Najua. Zabibu ndiyo fahari yetu, na kila mwaka kuna kundi linalotaka kuonyesha DNA ya zabibu za Dodoma kwenye maonyesho ya shule. Lakini seti moja ya DNA ya mzabibu ina jozi za besi (vidato vya ngazi ya DNA) kama milioni 500 tu, wakati ya kitunguu ina karibu bilioni 16, mara tano hivi ya ile ya binadamu. Juu ya hapo zabibu ina asidi, tanini na maji mengi ya sukari. Anza na kitunguu. Ukishaweza, rudi kwenye zabibu zako.

Sabuni ya kupimiwa iache. Sabuni nyingi zinazotengenezwa mitaani na kuuzwa kwa dumu huongezwa unga wa CMC ili ziwe nzito. CMC ni mnyororo mrefu wenye chaji hasi, na ndani ya spiriti hugeuka nyuzi nyeupe nzuri kweli kweli. Ukiwa huna habari utaapa kwamba ni DNA. Sabuni ya unga nayo ina magadi, na baadhi huwa na vimeng'enya. Iache.

Spiriti ipigiwe hesabu. Hapa ndipo wengi huanguka, na hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Mililita 10 za mchujo (majimaji ya kitunguu yaliyochujwa) ukichanganya na mililita 20 za ethanoli ya 95, mchanganyiko unakuwa na alkoholi asilimia 63 hivi. Hapo DNA inatoka. Ukitumia spiriti ya kusafishia vidonda ya 70 kwa kipimo hicho hicho, unaambulia 47, na DNA inabaki imeyeyuka inakuchungulia. Konyagi yenye 35, hata ukimimina ndoo nzima, haiwezi kuvuka 35. Ukikosa kabisa zaidi ya ile ya 70, mimina mara nne ya mchujo. Utafika 56, na unaweza kupata nyuzi chache. Isopropanoli ina nguvu zaidi, kipimo sawa na mchujo kinatosha.

Kitakasa mikono cha jeli usikiguse hata kama lebo inasema 80. Ile jeli imetengenezwa kwa mnyororo mwingine wenye chaji hasi, na ukikutana na chumvi unasinyaa vipande vipande.

Onyo moja kabla hatujaanza: spiriti inawaka, na mvuke wake hutambaa chini chini. Jiko la mkaa likae nje, na lizimwe kabla chupa haijafunguliwa. Spiriti ya maabara huweza kutiwa methanoli, kwa hiyo hakuna kuonja, hakuna utani wa kuonja.

## Hatua ya 1: Laza spiriti kwenye friza

Iweke tangu jioni, kifuniko kimekazwa. Haitaganda. Siku ya kazi itoe dakika ya mwisho na uiweke ndani ya barafu.

Watu wanadhani ubaridi ndio unaotoa DNA. Hapana, spiriti ya joto la chumba pia hutoa. Faida za ubaridi ni mbili: unapunguza kasi ya vimeng'enya vinavyokata DNA, na unasaidia spiriti itulie juu ya mchujo badala ya kuchanganyika nao papo hapo. Kwa joto la Dodoma la Oktoba na Novemba, saa nane mchana chini ya bati, faida hizo ni kubwa.

## Hatua ya 2: Tengeneza maji ya kuvunjia seli

Yeyusha chumvi kwenye mililita 100 za maji mpaka isionekane. Ndipo utie sabuni, ukizungusha kijiko taratibu. Povu ni adui: litakuziba macho mwishoni.

Sabuni inararua utando wa seli na wa kiini, ambao ni wa mafuta. Chumvi ndiyo inayoleta ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za sodiamu, na bila hizo hatua ya 6 haina maana.

Mafanikio: maji yanayoonyesha upande wa pili. Yakiwa na ukungu mweupe au utando juu, huenda maji yako ni magumu. Angalia ndani ya birika la nyumbani: ule ukoko mweupe ni kalsiamu na magnesiamu. Vimeng'enya vingi vinavyokata DNA vinahitaji ioni hizo ili vifanye kazi, kwa hiyo maji ya kisima kirefu ni kama kumpa mwizi ufunguo. Tena kalsiamu huunganisha pektini ikawa rojo, na chujio linaziba.

## Hatua ya 3: Kata, usisage

Gramu 100 za kitunguu, vipande vidogo kuliko vya kachumbari. Kama una blenda, sekunde tano, basi.

DNA ni uzi mrefu mno kwa unene wake. Mapanga ya blenda yakiuzungusha dakika nzima, uzi unakuwa vipande, na vipande vifupi havishikani kwenye kijiti. Utaona ukungu tu.

Changanya vipande na maji ya hatua ya 2 ndani ya bakuli au chombo chembamba cha bati.

## Hatua ya 4: Nyuzi joto 60 kwa dakika 12

Chombo kikae ndani ya maji ya nyuzi 60, si juu ya moto moja kwa moja. Huna kipimajoto? Dodoma iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Changanya kikombe cha maji yanayotokota na kikombe cha maji ya bomba ya nyuzi 25, utapata 60 na kidogo. Sufuria itakula digrii chache, kwa hiyo ipashe kwanza.

Joto hili linalegeza utando na kuvidhoofisha vile vimeng'enya. Lisivuke dakika 15. Ukiacha maji yakakaribia kuchemka, nyuzi mbili za DNA zinaanza kuachana, na utavuna kidogo.

Zikiisha dakika 12, chombo kiingie kwenye barafu dakika tano. Usiruke hili kwa sababu kipindi kinaisha.

Mafanikio: vipande vimekuwa kama kioo, na majimaji yanateleza vidoleni.

## Hatua ya 5: Chuja na usikamue

Tandika kitambaa juu ya chujio la chai, mimina, ondoka. Itachukua dakika 15 mpaka 20. Mkono utakuwasha ukamue. Usikamue, maana vinavyotoka kwa kukamuliwa ni nyama ya kitunguu na pektini.

Ukitaka DNA safi zaidi, tia kijiko kimoja cha chai cha juisi ya nanasi isiyopikwa, uliyoikamua mwenyewe, subiri dakika tano. Kimeng'enya cha nanasi kinakata protini zilizoivalia DNA. Juisi ya boksi imeshachemshwa, haina kazi.

Kabla ya kuendelea, fanya kipimo ambacho wanafunzi wangu wanakikumbuka kuliko vyote. Chovya kijiko kwenye mchujo, kiinue. Ukidondoka tone tone kama maji, una DNA kidogo. Ukivuta ulimi mrefu usiotaka kukatika, kama mlenda kwenye sahani ya ugali, umefanikiwa hata kabla ya spiriti. Kuvutika huko kunatokana na nyuzi ndefu zilizotandaa majini na kuzuiana njia.

## Hatua ya 6: Mimina spiriti

Weka mililita 10 za mchujo kwenye tyubu. Iinamishe, kisha teremsha spiriti baridi polepole ukutani mwa tyubu, mililita 20. Iwe tabaka mbili: mchujo chini, spiriti juu. Simamisha kwenye barafu. Usitikise. Dakika tano mpaka kumi.

Kitakachotokea kitaanzia mpakani. Kwanza ukungu mwembamba, halafu viputo vidogo vinanaswa ndani yake, halafu ukungu unajivuta na kuwa nyuzi nyeupe zinazopanda taratibu kwenye spiriti, kama moshi wa ubani usiokuwa na haraka. Binti mmoja wa kidato cha tano aliinama mpaka pua ikakaribia tyubu akasema, "Madam, samahani, hizi si kamasi?" Kwa sura, ndivyo.

### Zinakusanyikaje wakati zinasukumana?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu asiyeelewa sehemu hii hawezi kujisaidia jaribio likigoma.

Kila jozi ya besi kwenye DNA ina fosfeti mbili, na kila fosfeti ina chaji hasi moja. Jozi moja inachukua nanomita 0.34 za urefu, kwa hiyo uzi una chaji hasi moja kwa kila nanomita 0.17. Ni msongamano mkubwa sana wa chaji. Nyuzi mbili za namna hiyo zikikaribiana ndani ya maji, zinasukumana kwa nguvu.

Sodiamu ya chumvi, yenye chaji chanya moja, inakuja na kujipanga kando ya uzi. Kwa hesabu ya kawaida ya kani za umeme, ndani ya maji sodiamu hufuta kama asilimia 76 ya chaji ya DNA. Inayobaki inatosha kuzitenga nyuzi, na ndiyo maana kutia chumvi tu, hata nyingi, hakutoi DNA. Magnesiamu, yenye chaji mbili, hufuta 88. Ioni zenye chaji tatu, kama spermidini iliyomo ndani ya seli zetu, hufuta 92. Mstari ambao lazima uvukwe ili nyuzi zikusanyike uko karibu na 90. Ukivukwa, DNA ndefu hujikunja yenyewe ndani ya maji matupu, bila spiriti, ikawa vifungu vidogo kama kata ya kubebea ndoo kichwani, vyenye upana wa nanomita 100 hivi.

Spiriti inaisogeza sodiamu kuelekea mstari huo. Maji yana uwezo mkubwa wa kudhoofisha kani kati ya chaji: kipimo chake ni karibu 80, na cha ethanoli ni 25 hivi. Ukiingiza spiriti ya kutosha, chaji zinaanza kuonana kwa nguvu zaidi, sodiamu inaukumbatia uzi kwa karibu, na sehemu iliyofutwa inaongezeka. Sodiamu ya chumvi ya jikoni inafanya kazi ambayo majini ingehitaji ioni ya chaji tatu. Spiriti bila chumvi haina cha kusukuma, na chumvi bila spiriti haifiki mstarini.

Lakini kufuta chaji kunaeleza tu kwa nini nyuzi zinaacha kusukumana. Kwa nini zinavutana? Sababu moja ni kwamba ioni hazijapakwa kwenye uzi sawasawa kama rangi ukutani. Zinakaa kwa nafasi. Pale ioni ilipo pana chanya, pale isipo fosfeti iko wazi na pana hasi. Nyuzi mbili zikikaribiana, ioni za huyu zinaangukia kwenye mapengo ya yule, kama meno ya zipu. Sababu ya pili ni maji yenyewe: kila uzi umevaa maji yaliyojipanga, na nyuzi zikifika umbali wa nanomita moja hivi, mpangilio wa maji ya huyu unakutana na wa yule, ukizivuta au kuzisukuma.

Donald Rau na Adrian Parsegian wa Marekani walizipima kani hizi kwa kuibana DNA kwa shinikizo na kupima umbali kati ya nyuzi kwa eksirei. Katika DNA iliyokusanywa na ioni za chaji tatu ndani ya maji, nyuzi hulala sambamba, katikati hadi katikati nanomita 2.8 hivi. Uzi wenyewe una unene wa 2. Maana yake hazigusani hata kidogo, kuna maji kati yake.

Kama umewahi kusafisha maji ya lambo kwa shabu, umeshaona jamaa wa karibu wa jambo hili. Chembe za udongo zina chaji hasi, zinasukumana, ndiyo maana maji hukaa na tope wiki nzima. Shabu inaleta alumini ya chaji tatu, na tope linaanguka kwa kiasi kidogo tu cha shabu. Chumvi ya mezani ungehitaji nyingi mno. Mbegu za mlonge nazo zina protini yenye chaji chanya. Tena ukizidisha dawa, chembe zinageuka kuwa na chaji chanya, zinaanza kusukumana upya, na maji yanachafuka. DNA nayo ikizidishiwa ioni za chaji tatu au nne huyeyuka tena. Kwa chumvi ya mezani na spiriti huwezi kufika huko, usihofu.

## Hatua ya 7: Viringisha

Ingiza kijiti cha mshikaki mpaka kwenye mpaka wa tabaka mbili, kizungushe upande mmoja tu, kama unasokota uzi. Nyuzi zitajishika. Inua polepole. Weka kilichopatikana kwenye kikombe kidogo chenye spiriti ya asilimia 70, dakika moja, ili chumvi na sabuni zioshwe.

Mafanikio: kitu cheupe, chenye kunata, kinachoning'inia kijitini bila kuanguka. Kitunguu chekundu kinaweza kukipa rangi ya waridi kidogo, ni sawa.

## Je, ni DNA kweli?

Sasa ninyi mliopata ute mwingi.

Tengeneza tyubu ya kulinganisha: maji ya hatua ya 2 peke yake, bila kitunguu, umimine spiriti vile vile. Ukiona nyuzi nyeupe humo, ni sabuni yako. Badilisha sabuni na urudie. Ukiona chembe kama mchanga zinaanguka chini, ni chumvi imeshindwa kuyeyuka kwenye spiriti, umeizidisha.

Kisha loweka kijiko cha unga wa ubuyu kwenye maji, chuja, mimina spiriti. Ubuyu umejaa pektini, na utapata rojo. Litazame vizuri ili uijue sura yake: mabonge yanayopitisha mwanga, yanayokatika ukiyagusa, yasiyojiviringisha kijitini. DNA inatoka kwa nyuzi na inafuata kijiti. Ndizi mbivu hutoa vyote viwili kwa pamoja, na ndizi ndiyo imewadanganya wengi.

Usidanganyike na rangi ya bluu ya methilini, ile inayotumika kupaka DNA ionekane. Rangi hiyo ina chaji chanya, kwa hiyo inashika kila chenye chaji hasi: DNA, pektini, hata CMC.

## Jaribio la nyongeza: tyubu nne

Hili ni kwa mwalimu anayetaka wanafunzi waone kani zenyewe zikifanya kazi. Chukua DNA uliyoiosha, ikamue spiriti kwa kuigandamiza kidogo ukutani mwa kikombe, uitie kwenye mililita 15 za maji laini. Iache usiku kucha kwenye friji. Itayeyuka, maji yatakuwa mazito kidogo. Gawa mililita 3 kwenye kila tyubu.

Tyubu A usiongeze kitu. B na D tia chumvi ya mezani, kiasi cha ncha ya kisu. C tia matone 12 ya mmumunyo wa chumvi ya haluli, yaani magnesi salfeti, robo kijiko cha chai kwa mililita 100 za maji.

A, B na C zipate mililita 6 za ethanoli baridi. D isipate.

Kwenye A utaona kidogo sana au ukungu unaochelewa: spiriti ipo, ioni ni haba. Haitakuwa sifuri, kwa kuwa kitunguu kilikuja na potasiamu na magnesiamu yake, na kuosha hakumalizi. B itatoa nyuzi. C itatoa nyuzi pia, ingawa idadi ya ioni uliyotia ni ndogo kuliko ya B kwa mbali, kwa sababu kila ioni ya magnesiamu ina chaji mbili. D itakaa kimya.

Ukitaka kwenda mbele, rudia B na C kwa kuongeza spiriti mililita moja moja, ukiandika ni ya ngapi ukungu ulipoanza. Ya magnesiamu huanza mapema. Kama C inaangusha unga mzito badala ya nyuzi, umetia haluli nyingi, ipunguze.

Wanafunzi wabishi watataka kujaribu shabu kwenye DNA. Waache wajaribu kwenye tyubu ya tano, bila spiriti, chembe ndogo sana. Maji yatapata mawingu, lakini shabu hutengeneza mawingu yake yenyewe, kwa hiyo lazima kuwe na tyubu ya shabu na maji matupu pembeni. Mwaka mmoja nilisahau hiyo tyubu, darasa zima likashangilia, na ilinibidi nirudi kesho yake kuwaambia kwamba tulishangilia alumini haidroksaidi.

## Kuhifadhi na kusafisha

DNA ikae kwenye chupa ndogo ya dawa iliyooshwa, imefunikwa na spiriti ya 70, lebo ya tarehe, mbali na jua la dirishani. Ndani ya spiriti vimeng'enya havifanyi kazi, kwa hiyo itadumu miezi mingi. Ukiitoa ikakauka itakuwa kama utando wa plastiki, na kuiyeyusha tena ni shughuli ya siku mbili.

Spiriti iliyotumika usiimwage kwenye sinki la maabara lenye kichomeo jirani. Ikusanye kwenye ndoo yenye maji mengi, uimwage nje mahali pa wazi. Kitambaa kifuliwe kwa maji moto siku hiyo hiyo, la sivyo harufu ya kitunguu itakaa nayo mpaka muhula uishe, na mlinzi wa maabara yetu ameshasema hatanifungulia tena mlango.